Them That Follow: je, makanisa ya washika nyoka yapo kweli?

Swali: Ndugu zangu, nimetazama filamu hii ya mwaka 2019 kuhusu Mara, binti wa mchungaji katika milima ya Appalachia, Marekani, anayeiba kipimo cha mimba dukani ilhali ameshaposwa na mwanamume mwingine. Je, ibada hizo za kushika nyoka zipo, au zimebuniwa?

Jibu: Zipo. Waumini hao hushikilia Marko 16:18, "watashika nyoka", na mhubiri George Hensley ndiye anayetajwa zaidi kwa kuieneza desturi hiyo kutoka jimbo la Tennessee mwanzoni mwa karne ya 20, hadi alipofariki mwaka 1955 kwa kuumwa na nyoka. Tennessee iliipiga marufuku mwaka 1947. Jimbo la West Virginia halikufanya hivyo.

Jibu: Kilichonichoma ni Hope, aliyeigizwa na Olivia Colman: mwanawe Augie anaumwa na nyoka, mkono unavimba na kubadilika rangi, naye anaendelea kuomba badala ya kumkimbiza hospitali. Kwangu mimi, huo ndio moyo wa filamu, kuliko hata mapenzi ya Mara na huyo Augie.

Jibu: Nami ni Mkristo, na ninasikitika. Katika Matendo 28, Paulo aliumwa na nyoka akitia kuni motoni. Hakumtafuta nyoka yule.