Mafundi bustani wa Unguja, mnatuunguzia majani kisha mnatuuzia mengine!

Asalaam alaykum waungwana. Uzi huu naufungua nikiwa na hasira, na atakayekuja kuniambia "punguza jazba dada" aendelee na safari yake.

Nyumba yetu ipo Chukwani, upande wa baharini. Mbele tuna majani ya ukoka ambayo mama mkwe anayapenda kuliko sebule nzima. Kaskazi, ule msimu wa joto na ukavu kabla ya Masika, ilipokaza, yakaanza kupauka, na kila siku yakawa yanazidi. Tukamwita fundi bustani, tena wa kusifiwa, mwenye picha za mahoteli kwenye simu. Kaja, kaangalia kwa kusimama, hata kuinama kuyashika hakuinama. "Yana njaa haya." Mchana wa jua kali kamwaga mbolea ya yuria juu ya majani makavu, kayakata mpaka mchanga ukaonekana ati yachipue vizuri, kisha katuamrisha tuwashe pampu ya kisima asubuhi na jioni. Pesa kachukua. Aliporudi, majani yote rangi ya mkate ulioungua, akasema yamekufa, tung'oe, ataleta magari ya udongo mwekundu na majani mapya ya kapeti. Bei ya mita moja ya mraba nikiitaja hapa mtadhani nauza kiwanja.

Sasa nisikilizeni, nyie mnaojiita mafundi.

Ukoka ukikosa maji unalala. Unakausha majani ya juu, uhai unabaki kwenye shina na mizizi, ukingoja mvua. Kujua kama uko hai hakuhitaji mashine: shika fungu, livute. Likigoma, na ukifunua pale chini ukakuta pameupe au pana ukijani na pagumu, majani hayo hai. Likinyanyuka lote bila mizizi, chimba kidogo uangalie funza wa mbawakawa wanaokula chini kwa chini, au mchwa. Likivunjikavunjika mkononi na shina limekauka mpaka ndani, hapo ndiyo sema limekufa. Mie nimevuta mwenyewe, na sehemu kubwa imegoma. Fundi wa kulipwa kashindwa nini?

Na hiyo yuria! Asilimia 46 yake ni naitrojeni. Ukiimwaga juu ya majani yenye kiu, bila kuishusha udongoni papo hapo kwa maji ya kutosha, inaunguza. Na kwa udongo wetu wa uwanda, wenye chokaa ya matumbawe, na kwa joto la Kaskazi, nyingine inageuka hewa ikapotea. Ile harufu kali mnayoisikia ndiyo pesa yangu inaondoka. Iliyobaki inayalazimisha majani kuota juu wakati mizizi haina cha kunywa. Mbolea ni ya majani yaliyokwisha kuamka, mvua zikishaanza, tena kidogo.

Lakini kilichoniudhi zaidi ya yuria ni kisima. Unguja tunaishi kwa maji ya chini ya ardhi, na kadiri pampu zinavyoongezeka karibu na pwani ndivyo bahari inavyosogea ndani ya visima. Cha kwetu ukionja tu unajua. Maji hayo ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku, maji yanakauka, chumvi inabaki. Kesho unaongeza nyingine. Ncha za majani zinaungua kwanza, juu ya udongo panatokea utando mweupe wa chumvi, na mizizi inashindwa kunywa ingawa udongo umelowa. Mwenye nyumba anaona kukavu, anazidisha pampu. Fundi aliyekaa pwani maisha yake yote hajui kuuliza "maji yenu yakoje?"

Dawa ya chumvi ni maji matamu, mengi kwa mara moja, yaisukume chini ya mizizi. Masika ndiyo fundi wa kazi hiyo na hadai nauli. Kabla yake mtu atoboe ardhi kwa uma wa bustani ili maji yapenye badala ya kutiririka barabarani.

Najua mtakuja na ule ushauri wa kumwagilia majani milimita 25 kwa wiki. Ni sahihi kwa mwenye maji. Piga hesabu: kiwanja cha mita 10 kwa 10, milimita 25 ni lita 2,500. Tangi letu la lita 2,000 linamalizika na bado halijatosha, na bomba lenyewe la mgao. Nani atamwagilia majani watoto wakose maji ya kuogea? Kwa hiyo sisi tumeamua yalale. Milimita 10 hivi za maji ya bomba kila baada ya wiki mbili, alfajiri, ili shina lisife, basi. Yabaki rangi hiyo hiyo. Mama mkwe kanuna, lakini kaelewa. Maji ya kiyoyozi nayo tunayakinga kwenye ndoo, hayana chumvi, yanakwenda kwenye yale mabaka mabaya zaidi.

Na mashine ya kukatia imefungiwa. Wakati wa jua majani yaachwe marefu, sentimita tano au sita, yafunike udongo wake yenyewe; na siku ya kukata usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu. Kunyoa mpaka mchanga ni kuyaua kwa makusudi.

Huo udongo mwekundu nao, mnaoutaja kama dawa ya kila kitu, mnadhani unatoka wapi? Kuna shamba la mtu limechunwa kinongo chake, huo udongo mwekundu wenyewe, ili mie nipate majani ya kukalia. Sitaki. Mvua zikishika nitatandaza samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa na kuchekechwa, unene wa sentimita moja tu. Siyo mbichi ya kuku, hiyo ni kuunguza mara ya pili.

Pale palipokufa kweli nataka kupandikiza mwanzoni mwa Masika. Chini ya mwembe nafikiria yale majani mapana ya pwani yanayoitwa majani ya Pemba, yanavumilia kivuli. Upande wa bahari paspalamu, maana inastahimili chumvi kuliko ukoka. Mwenye vipandikizi Chukwani, Mazizini au Mbweni aseme, na aseme pia anamwagilia maji gani. Bei iandikwe hapa hapa hadharani, habari za "njoo pembeni" sizitaki. Na mafundi wenye yuria kwenye buti la gari, uzi huu msichangie.