Buldak Carbonara, Buldak Rosé au Shin Toomba, nichukue ipi?

MpishiGeto: Wakuu habari za mchana. Kuna duka huku mtaani wameleta zile indomi za Kikorea zenye krimu, zipo aina tatu: Buldak Carbonara, Buldak Rosé na Shin Ramyun Toomba. Bei yake ukilinganisha na indomi ya kawaida si mchezo, kwa hiyo sitaki kubeba zote nianze kubahatisha. Pilipili nakula ila si ile ya kutoa kamasi. Mliokula mnasemaje?

zuu_sharjah: Carbonara kaka, wala usihangaike. Ndani ina vipakiti viwili, sosi nyekundu nzito na unga wa maziwa na chizi wenye vijani vijani, ukishatia ule unga unaona nyekundu inafifia inakuwa rangi ya chungwa inang'aa na inang'ang'ania tambi. Tamuuu. Huku kwetu zimejaa madukani, we angalia tu nembo ya halali kwenye pakiti.

msee_wa_langata: Zuu usimchome msee 😂 hiyo Carbonara ya pakiti ya pinki bado ni moto. Ni kweli imepoa kuliko Buldak nyeusi ile ya kwanza ya 2012, lakini inaanza na utamu unadhani umeiweza, alafu inakushika nyuma ya ulimi na haikuachi. Na hilo jina ni mapambo tu, carbonara ya Roma haina krimu wala ladha ya kuku, ni mayai, chizi ya pecorino na nyama ya shavu la nguruwe. Mimi ni Toomba all the way.

nipo_daegu: Nasoma huku Korea kwa hiyo hizi ndo chakula changu cha mwisho wa mwezi lol. Toomba ilitoka Septemba 2024, ni ya Nongshim, na wazo lake limetoka kwenye pasta ya Toowoomba inayouzwa migahawa ya Outback huku, ina krimu, uyoga na kamba. Watu walikuwa wanachukua Shin ya kawaida wanapikia maziwa na chizi wanaposti, kampuni nayo ikaona basi tuuze wenyewe. Tambi zake ni pana kidogo, unasikia kitunguu saumu na uyoga, pilipili ipo lakini haifukuzi mtu mezani. Rosé sasa, huku ukisikia rosé ni gochujang (ile pilipili nzito ya Kikorea iliyochachushwa) na krimu, ilivuma sana kwenye tteokbokki (vipande vya keki ya mchele kwenye sosi), na ina sukari. Kama hupendi chakula chenye utamu utamu achana nayo.

MpishiGeto: Na maji je? Jamaa kaniambia namwaga yote.

Bi_Pilipili: Usimwage yote mwanangu! Carbonara unachemsha dakika 5, unachuja unabakiza vijiko kama 8 vya maji, ndo unatia sosi na unga, unakoroga moto mdogo mpaka uone vipovu pembeni ya sufuria na sosi imekuwa nzito. Ukiikausha ule unga unaganda madonge halafu mtu anasema indomi mbaya. Mie hapo napunguza maji naweka maziwa, na sosi natia nusu kwanza naonja. Ikikuwasha usikimbilie maji ya friji, pilipili haiyeyuki kwenye maji, kunywa maziwa au mtindi.

kaka_mkavu: Kwani hizi si zilipigwa marufuku Denmark?

nipo_daegu: 2024 walitoa sokoni Buldak aina tatu, 3x (pilipili mara tatu), 2x (mara mbili) na ile ya mchuzi, kisa ukali wa pilipili, na baadaye si zote zilizobaki nje. Carbonara haikuwemo kabisa.

kaka_mkavu: Sawa ila chumvi yake nayo muiseme, pakiti moja sodiamu imepita miligramu 1,000 na nyie mnaongeza chizi juu.

zuu_sharjah: Nani anakula kila siku jamani 🙄

MpishiGeto: Nimebeba Toomba na ya pinki, rosé nimeiacha dukani. Leo usiku naanza na Toomba. Uyoga sina ila kuna kamba wakavu hapa, natia?

Bi_Pilipili: Tia, ila waroweke kwanza na yale maji umwage, ndo chumvi hiyo anayoisema mwenzio.

msee_wa_langata: Na picha kabla hujamaliza sufuria tafadhali