Mrejesho: Msaidizi wa akili mnemba sasa anajibu wateja wote

Aksanti sana ndugu zangu. Niliuliza kwa nini msaidizi wa akili mnemba niliyemuunganisha na ukurasa wa Facebook wa dada yangu, anayeuza vitenge hapa Kadutu, Bukavu, ananijibu mimi tu huku wateja wakiandika bila kupata hata neno.

Kaka aliyesema programu inayomuunganisha msaidizi na Facebook bado iko kwenye hali ya majaribio ndiye aliyelenga. Katika hali hiyo wanaojibiwa ni wale tu waliopewa nafasi ndani ya programu, kama msimamizi au mjaribu. Ikabidi tuombe Meta, kampuni yenye Facebook, ruhusa ya pages_messaging, yaani ya kujibu ujumbe wa wateja kwenye ukurasa, tukapeleka na video inayoonyesha mteja akiandika na kujibiwa, pamoja na kiungo cha sera ya faragha. Walipokubali, tukaiwasha programu rasmi. Jioni hiyohiyo mama mmoja wa Bagira akauliza bei ya kitenge cha yadi 6, akajibiwa papo hapo. Dada alipiga vigelegele!

Kumbukeni pia kanuni ya Meta ya saa 24: mteja akinyamaza zaidi ya hapo, msaidizi haruhusiwi kumtumia matangazo.

Na mtu akitaka nywila yako ili akuunganishie, mkatalie. Tokeni ya ukurasa, yaani ufunguo unaoipa programu ruhusa bila nywila yako, inatosha, nayo waweza kuifuta wakati wowote.

Kupunguza bei nimemkataza kabisa msaidizi. Mteja akianza kubembeleza, anaitwa dada mwenyewe.