Ulihukumiwa kabla hujafungua mdomo? Tupeane uzoefu

Mwalimu_wa_Himbi
Habari zenu wote. Jumamosi kundi letu la kusoma hapa Goma limemaliza *Ne tirez pas sur l'oiseau moqueur* ya Harper Lee, ile riwaya ya Marekani ya 1960. Tunayo kwa Kifaransa, nakala zimechakaa, tunasomeana kwa sauti. Tulipofika kwenye hukumu ya Tom Robinson watu wakaanza kugombana na kitabu.

Kwa ambao hawajasoma: ni Alabama, miaka ya 1930. Msichana mdogo, Scout, anasimulia jinsi baba yake Atticus, ambaye ni avoka (wakili), alivyomtetea Tom, mtu mweusi aliyesingiziwa kumbaka msichana mzungu aitwaye Mayella. Mayella alikuwa amepigwa zaidi upande wa kulia wa uso, yaani aliyempiga ni mtu wa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom umelemaa tangu utotoni, uliponaswa na mashine ya kuchambua pamba. Baba wa Mayella anaambiwa aandike jina lake mbele ya jaji, anaandika kwa kushoto, kila mtu anaona. Wanaume kumi na wawili wa juri, wote wazungu, wakaenda kujadiliana, wakarudi: ana hatia.

Mabinti wawili wakaanza kusimulia ya kwao, na kitabu kikaishia hapo. Sasa nawauliza na ninyi: lini ulihukumiwa wakati ushahidi uko mezani na hakuna aliyeutazama?

Kadogo_Mabanga
Mimi minervali, karo ya shule. Karatasi ya benki iko mfukoni, muhuri upo. Direkta anasoma majina ya wasiolipa, la kwangu la kwanza. Nikamwonyesha. "Toka kwanza, utaonyesha ukiwa nje." Nje nimwonyeshe nani, mlinzi?

Yaya_wa_Kadutu
"Utaonyesha ukiwa nje" 😂 Bukavu ni vile vile. Mdogo wangu yalimkuta mwaka jana.

Kalamu_Kavu
Swali kwa Mwalimu. Kwa nini tuvuke bahari kutafuta dhuluma? *Une vie de boy* ya Ferdinand Oyono ipo tangu 1956. Toundi, boy (mtumishi wa nyumbani) wa Komanda wa kikoloni kule Kameruni, anapigwa hadi kuharibika kwa sanduku la pesa ambalo hakuligusa. Sophie ndiye aliyekimbia nalo. Mbona hamkumsoma yeye?

Mwalimu_wa_Himbi
Toundi sote tulimsoma kwa ajili ya mtihani, Papa. Mwanafunzi anakumbuka jina la mwandishi na mwaka, basi. Hiki walikisoma bure, bila pointi.

Kalamu_Kavu
Basi ninyi walimu mlimfundisha vibaya, kosa si la Toundi. Na huyo Atticus wenu msimpake mafuta sana. Kuna kitabu kingine cha mama huyo huyo kilitoka 2015: Atticus amezeeka, anakaa mkutanoni na wazungu wanaopinga haki za weusi.

Fundi_Cherehani
Naomba niandike kwa kirefu, mtanivumilia.

Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu wa upande wa baba alikufa kwa homa, mtoto wa kunyonya. Mama wa kambo akasema siku ile mtoto alipougua mimi ndiye niliyembeba. Ni kweli nilimbeba. Nilimbeba kila siku, nani mwingine angembeba?

Wakanipeleka kwenye chumba cha maombi. Mchungaji hakunipiga, hakupaza sauti. Aliniita "binti yangu", akaniuliza usiku naota nini. Nikasema ndege.

Sasa ninyi wa Goma mnanielewa. Tulikaa Birere, uwanja wa ndege uko nyuma ya choo chetu. Antonov ikishuka mabati yanatetemeka na sufuria zinasogea zenyewe mezani. Mtoto wa Birere asipoota ndege aote nini?

Yeye akaandika kwenye daftari, bic nyekundu. Mimi sikujua kwamba kwao ndege ya usiku ndiyo wachawi wanayosafiria. Akauliza: "Kwenye hiyo ndege unakaa mbele au nyuma?" Nikadhani amenipenda, anacheza na mimi. Nikamjibu kwa furaha: "Mbele. Mimi ndiye ninayeendesha."

Chumba kizima kikalia. Baba yangu alikuwepo. Alitazama viatu vyake.

Yaliyofuata sitaandika yote. Njaa, chumvi, mishumaa. Mwishowe mlango ulifunguliwa nikaambiwa niende. Nikaingia kwa watoto wa mtaani, maibobo wa soko la Virunga, hadi shangazi yangu aliposikia, akaja kunitafuta kati ya meza za nyanya. Yeye ndiye aliyenipa cherehani.

Kitabu hicho nimesomewa na binti yangu. Kuna mahali Tom anaulizwa kwa nini alimsaidia Mayella kazi bila malipo, anajibu kwamba alimhurumia. Mtu mweusi kumhurumia mzungu! Yule wa mashtaka akaling'ang'ania neno hilo hadi mwisho. Nilimwambia binti yangu afunge kitabu kidogo.

Yaya_wa_Kadutu
Mama wee. "Mimi ndiye ninayeendesha." Nimelia niko ofisini.

Avoka_Mdogo
Pole sana Mama. Kwa wanaosoma hapa na wana mtoto katika hali hiyo SASA: Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza waziwazi kumsingizia mtoto uchawi, inaitaja pamoja na kumtelekeza na kumtesa. Na ipo sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto. Nendeni parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, andikeni malalamiko.

Motari_Mstaafu
Parke na pesa gani, avoka? Karatasi ya kuandikia malalamiko yenyewe utanunua. Bora umtoroshe mtoto kwa bibi yake kijijini, yaishe.

Avoka_Mdogo
Na akifika kijijini habari imemtangulia, je?

Motari_Mstaafu
Umtoroshe kwa bibi wa upande wa mama, avoka. Upande wa mama!

Mtoto_wa_Likasi
Niko Lubumbashi. Ya kwangu haina mchungaji.

Nilizaliwa Likasi, mama yangu alizaliwa Likasi, babu aliletwa kutoka Kasai na kampuni ya migodi. Kasai sikuwahi kuiona hata kwa picha. Darasani mwalimu alituambia kila mmoja ataje kijiji cha babu yake. Nilijivunia kukumbuka jina, nikalitamka vizuri kabisa. Jioni kuna mtu akaandika BILULU kwenye ukuta wetu kwa makala (makaa). Wadudu. Ndivyo tulivyoitwa sisi wa asili ya Kasai huku Katanga mwaka 1992, tulipofukuzwa.

Tuliishia kwenye stesheni ya gari la moshi na maelfu ya wenzetu, tukisubiri treni za kutupeleka "kwetu". Watu walipika, walizaa na walizikwa pale pale. Baba alikuwa na kadi ya kazi, aliipeperusha kwa kila askari, kana kwamba kuna aliyeuliza. Niliporudi mtu mzima nyumba ina wenyewe, wamepanda mwembe.

Kwenye kitabu kile Tom angalau alipata jaji aliyemwita kwa jina.

Kopa_Katuba
Ndugu, pole, lakini sema yote. Hata sisi wenye ardhi tulilia: migodi yetu, na kwenye ofisi unakuta wakubwa wote wanatoka pale pale Kasai.

Mtoto_wa_Likasi
Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea. Ofisi ipi?

Kopa_Katuba
Sikumsema baba yako.

Mtoto_wa_Likasi
Na mimi sikuwa ofisini, nilikuwa darasa la nne.

Mwalimu_wa_Himbi
Jamani. Hapa tunasimulia yaliyotupata sisi wenyewe, si yaliyofanywa na "wao". Kopa, ukiwa na lako liandike tulisome.

Fundi_Simu_243
Niwapumzishe kidogo. Mimi niliokolewa na tairi.

Saa moja jioni, karibu na soko, umeme hakuna. Dada mmoja anapiga kelele simu yake imeibwa. Mimi napita na simu tatu za wateja kwenye koti, na bisibisi. Mtu akanipapasa: "Ziko hapa! Na kisu anacho!" Bisibisi ikawa kisu. Ngumi ya kwanza sikuona ilikotoka. Nasema mimi fundi, mimi fundi, lakini meno mawili yameshatoka, hakuna anayesikia neno.

Wakanikalisha juu ya mawe ya volkano. Mmoja amekwenda kwa kadafi wa kona, muuza mafuta wa barabarani, amerudi na petroli kwenye chupa ya maji. Mwingine akatafuta tairi ya kunichomea. Akaiona chini ya gunia la makala la mama mmoja muuzaji, alikuwa ameliweka gunia juu yake lisilowe. Akaivuta. Gunia likaanguka, makala yote barabarani.

Yule mama akasimama. "Nani analipa tairi yangu?"

Wakamwambia Mama toka, huyu ni mwizi. "Sikuuliza yeye ni nani. Nimeuliza nani analipa. Elfu kumi. Na makala elfu tatu." Akaikalia ile tairi. Mwili wake si mdogo.

Amini usiamini, watu wakaanza KUCHANGA. Mmoja akatoa franka mia tano, mama akaigeuza kwenye tochi: "Hii imechanika, sipokei." Mwingine akasema elfu kumi kwa tairi iliyoisha ni wizi. Alisema wizi! Niko chini nasikia. Mama akamgeukia, "Mimi mwizi? Unaniita mwizi mimi?", ugomvi ukahamia kwao, wa petroli akawa anaamua. Hapo ndipo shefu wa avenyu alipofika na polisi.

Usiku nililala kasho (mahabusu), na nilifurahi kwamba mlango unafungwa. Asubuhi wateja wangu walikuja kudai simu zao, ndipo nikaachiwa.

Kadogo_Mabanga
HII NI YA MWAKA 😂😂😂

Yaya_wa_Kadutu
Sasa ile tairi ilibakia na nani?

Kalamu_Kavu
Chumvi imezidi. Watu wenye hasira hawachangi.

Fundi_Simu_243
Papa, njoo nikuonyeshe pengo.

Motari_Mstaafu
Mimi naamini. Watu wa Goma ukiwatajia bei lazima waipunguze kwanza.

Mwalimu_wa_Himbi
Kalamu, mbona kitabuni ni hivyo hivyo? Usiku watu wanakuja jela kumchukua Tom, Atticus amekaa mlangoni na gazeti lake chini ya taa. Kilichowatawanya si sheria aliyosoma. Ni Scout kumtambua baba wa mwanafunzi mwenzake, Bwana Cunningham, na kuanza kumwuliza habari za mtoto wake na za kesi yake ya ardhi. Mzee akaona aibu, akawaambia wenzake waondoke.

Kalamu_Kavu
Aibu naielewa. Tairi bado.

Avoka_Mdogo
Tukiwa hapo hapo: kifungu cha 18 cha Katiba, kasho ya polisi haipiti saa 48, na lazima uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa. Kifungu cha 17, huna hatia hadi hukumu. Ukiitwa mwizi usikimbie, inua mikono, taja jina lako na la avenyu yako.

Motari_Mstaafu
Usikimbie?! Kimbia, kaka. Kimbilia kanisani, kimbilia kwa polisi, kimbilia hata kwenye msiba. Mikono utainua ukifika.

Fundi_Simu_243
Mimi nasema ununue makala kwa mama yule yule kila siku. Hadi leo nanunua kwake, na hapunguzi hata franka moja.

Mama_wa_Sambaza
Nimesoma yote kutoka juu. Mmemwongelea Tom, mmeongelea tairi kuliko Tom. Helen hakuna aliyemtaja.

Helen ni mke wa Tom. Mume amefungwa na yeye amenyimwa kazi, kwa sababu ni mke wa yule. Baadaye akapata kazi kwa mzungu aliyekuwa tajiri wa Tom, ikabidi azunguke njia ndefu, maana akipita karibu na wale Ewell, jamaa ya Mayella, wanamrushia vitu. Kwenye kitabu ni mistari michache tu. Mimi ndiyo niliyoisoma mara nyingi.

Mume wangu alikuwa mlinzi wa depo, mazutu (dizeli) ikapungua, akakamatwa yeye. Funguo za tangi hakuwahi kupewa, hilo kila mtu pale kazini alilijua. Kila asubuhi nampelekea chakula jela. Mlangoni wa kwanza anachukua samaki, wa pili anachukua samaki, bakuli linamfikia mume wangu likiwa na bugali mtupu. Nikajifunza: vichwa na miiba juu, nyama nazika chini ya bugali. Wakifunua wanaona miiba, wanafunika wenyewe.

Kanisani benchi langu likaanza kuwa na nafasi. Watu walinisalimia vizuri kabisa, halafu wanakwenda kukaa nyuma. Mwenye nyumba akaniomba kodi ya miezi ya mbele, eti ni utaratibu mpya. Watoto wakaniuliza baba aliiba mazutu ya nini, kwani sisi tuna gari?

Alipotoka walimpa karatasi moja, mistari miwili, kwamba faili limefungwa. Kazini nafasi yake ilishachukuliwa, na hadi leo akiona lori la mazutu anabadilisha njia. Wale wa nyuma ya kanisa sasa wanakuja kununua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwangu. Nawauzia.

Fundi_Cherehani
Mama, hiyo ya miiba nimeipokea.

Kadogo_Mabanga
Mama wa Sambaza unauzia wapi? Kesho nije.

Mama_wa_Sambaza
Kituku, asubuhi mapema mitumbwi inapoingia. Njoo na noti nzima, iliyochanika na mimi sipokei.