ETI MIMI NIKO NA MIGUU NGAPI?! Yule wa kontena ya bluu leo amenimaliza

Mwana_Kamalondo

Sitamtaja, hakuna haja. Kama umewahi kupita kwenye ile yadi ya kuuza magari, ya kontena ya bluu na mbwa asiye na mkia, ukamkuta mtu amevaa koti la suti na joto hili la Oktoba, unamjua. Lubumbashi yote inamjua. Nimekaa kwenye ukuta wa jirani yake sasa hivi, mikono inatetemeka, naandika kabla sijarudi mle ndani nikafanya neno.

"Uko na miguu ngapi?" Hivyo ndivyo alivyoniuliza. Mimi, baba wa watoto wawili, mbele ya vijana wa manseba (pikipiki za abiria), waosha magari na mama wa karanga.

Nianze mwanzo. Hapa mnajua nimetafuta Altezza, ile gari ya Toyota, tangu lini. Tena si Altezza yoyote. Nataka RS200, yenye moteri 3S-GE ya mitungi minne, farasi 210, na bwati ya mkono ya vitesi sita, yaani giaboksi ya gia sita. Toyota ilianza kuiuza Japani 1998 ikaacha 2005, kwa hiyo hata ile changa kabisa imeshazeeka, na za bwati ya mkono unazitafuta kwa tochi. Ambrayaje (klachi) nilijifunza kwenye Dyna ya mjomba, njia ya Likasi, nyuma ya malori ya shaba, yeye akinipiga kofi la kisogo kila gari ikizima. Mguu wangu wa kushoto ulisomea pale. Otomatiki mimi inanipa usingizi, sitaki kuisikia. Miaka minne nimeweka dola moja juu ya nyingine. Nyumbani tumekula bukari na ndakala mpaka watoto wakiona samaki mkubwa wanauliza huyo ni nani.

Basi huyu bwana akaweka tangazo: RS200, vitesi sita, manyueli, safi. Kwenye picha levye ya gia inaonekana, kichwa chake kimechorwa 1 mpaka 6 na R. Moyo wangu ukaruka. Nikampa dola 300 za kuishika gari wakati iko njiani kutoka Dar.

Wiki tatu! "Iko Nakonde." "Iko Kapiri." "Iko Kasumbalesa, tunangojea karatasi." Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, ni kilomita 90 hivi. Gari imelala pale siku kumi na moja. Ningeifuata kwa miguu ningefika. Kwa miguu yangu hiyo hiyo anayotaka kuihesabu!

Leo ananiita, njoo, imeingia. Nimekuja na mekanisiye wangu, nimemlipia manseba kwenda na kurudi, nimemnunulia na Fanta. Gari inang'aa, nyeupe, rimu nzuri. Nikafungua mlango wa kuume, nikakaa, nikashika volani (usukani). Mguu wa kushoto ukashuka kutafuta ambrayaje. Ukatafuta. Ukapapasa kapeti huku na huku. Ningechimba kidogo zaidi ningefika kwenye shaba. Hakuna! Pedali mbili! Ile levye ni ya otomatiki, mtu amenunua kichwa cha vitesi sita sokoni akakibandika juu!

Nikatoa kichwa dirishani: mukubwa, ambrayaje iko wapi?

Akavua miwani. Akaifuta kwa tai, polepole. Akasema: "Mutoto, uko na miguu ngapi?"

Na mimi nikajibu. Hiyo ndiyo inayonichoma mpaka sasa, nilijibu! Nikasema: mbili.

"Na pedale iko ngapi?"

Mbili.

"Njo vile. Kila muguu na pedale yake. Ile ya tatu unatafuta ya nani?"

Yadi nzima ikaanguka. Mama wa karanga aliketi chini, karanga zikamwagika, hakuziokota. Kijana mmoja wa manseba alicheka mpaka pikipiki ikamlalia. Na mekanisiye wangu, niliyemlipia mimi, mwenye Fanta yangu mkononi, alikwenda kushika ukuta mabega yakimtetemeka. Eti anakohoa.

Nikafungua kapo (boneti). Kibao cha shasi kinasema GXE10. RS200 ni SXE10, mtoto wa shule anajua! Hii ni AS200, moteri 1G-FE ya mitungi sita. Nikamwambia hata moteri siyo. Akaniambia: "Uliomba mitungi mine, nimekupa sita, na bado unalia?" Nikadai dola zangu 300. Amenihesabia 250. Hamsini eti ni za mlinzi.

Dola hamsini nitazisahau, Mungu ataleta nyingine. Lakini uko na miguu ngapi?! Mtu anaulizwa hivyo na nani? Ng'ombe sokoni haulizwi hivyo!

---

Yaya_wa_Kenya

Pole mudogo wangu. Huyo mzee hana adabu tangu zamani. Lakini samahani, sijaelewa vizuri, ulijibu mbili?

Mwana_Kamalondo

Nimeandika pale juu yaya. Nilijibu mbili.

Shofere_Dodani

Hapo ndipo ulipouza mechi. Ungesema tatu, angekosa la kusema.

Makutano_Turbo

Nimesoma mara mbili, natafuta kosa kwenye hesabu ya yule mzee, sioni. Miguu miwili, pedali mbili. 😂😂😂

Mwana_Kamalondo

Makutano wewe ungekuwa pale ungecheka na wale. Watu kama wewe ndio mnaompa nguvu.

Mekanisiye_Katuba

Ndugu, yule amekukosea, lakini nawe umetoa pesa bila picha ya kibao. Wengine msikie. Kabla dola haijatoka mfukoni, mwambie afungue kapo apige picha ya kibao cha shasi, namba na mistari yote. Uone SXE10 kwanza. Kisha uone mstari wa bwati, ya mkono inaandikwa J160. Na J160 peke yake isikudanganye, AS200 nayo iliuzwa na bwati hiyo hiyo. Vyote viwili vikubaliane. Halafu umwombe video ya chini ya volani, miguuni.

Makutano_Turbo

Miguuni 😭😭😭

Mwana_Kamalondo

Mekanisiye, kila siku naandika hayo hapa, wewe mwenyewe ulinijibu mwezi uliopita! Kibao nimekiomba mara tano. Kila mara simu yake imekufa chaji, au jua linapiga kioo. Sijaja hapa kusoma. Nimekuja kwa sababu mtu mzima ameniuliza nina miguu ngapi mbele za watu.

Kasapa_78

Afadhali wewe umeondoka na 250. Yule yule, kontena ile ile, aliniuzia Celica. Moteri 2ZZ, vitesi sita kweli, pedali tatu kweli, nilizihesabu. Lakini haina nyuma. R haiingii. Nilipomrudia akaniambia "mwanaume harudi nyuma". Mwaka mzima sasa, nikiegesha vibaya tunatoka nje kusukuma. Mke wangu amepata mabega. Kanisani naegesha barabarani, saa moja kabla ya misa, pua ikiangalia nyumbani.

Yaya_wa_Kenya

Kumbe ni nyinyi mliokuwa mnasukuma Jumapili pale mbele ya paroko! Tulidhani esanse (petroli) imekwisha.

RX_ya_Golf

Kasapa, nyamaza kidogo, wewe una gari. Mimi nina RX-8. Mnajua RX-8? Moteri haina pistoni, kuna kitu cha pembe tatu kinazunguka ndani, na Mazda yenyewe ndiyo iliyotaka inyunyiziwe mafuta ya moteri ili mihuri (sili za ndani) isikauke. Maana yake inakunywa esanse, kisha inakunywa na mafuta. Ikizima ikiwa na joto haiwaki mpaka ipoe. Juzi imenizimia pale njiapanda ya Carrefour saa sita mchana. Nimekaa pale na gari ya milango minne inayofunguka kama kabati, watu wanapiga picha. Polisi wa njia alikuja kunidai, alipoona nalia akaninunulia maji.

Kasapa_78

Angalau polisi amekuhurumia. Mimi anangoja nikosee njia, anajua siwezi kurudi nyuma.

Mekanisiye_Katuba

RX, hiyo ni kompresyo (mgandamizo wa moteri) imekwisha. Isipowaka ikiwa na joto, mihuri imelika. Walikupimia kabla ya kununua?

RX_ya_Golf

Walinipimia. Mzee aliweka sikio kwenye kapo akasema "iko muzima".

Mwana_Kamalondo

Jamani, poleni, lakini uzi huu ni wa yadi na lile swali. Nataka tukubaliane mtu asiende pale tena.

Mama_Fuso

Mimi niliacha kwenda zamani. Nilikwenda kuulizia Impreza ya bwati ya mkono. Hakunitazama. Alimtazama kijana wangu wa miaka kumi na minne, akamwambia: "Papa, ambia mama yako ile ina vitesi." Naendesha Fuso kila wiki mpaka Kolwezi, na mchanga juu! Funguo niliitupa kwa mbwa.

Shofere_Dodani

Mama, heshima. Na yule mbwa ndiye mwaminifu peke yake pale.

Volani_ya_Kushoto

Nyinyi wote mnajitakia. Kwetu tunaendesha kuume, mnanunua volani ya kuume za nini? Unataka kupita lori njia ya Likasi mpaka umwulize abiria "kuko kitu?" Mimi nimeuliza mama mkwe, akasema hakuna kitu, kumbe alikuwa amefumba macho anasali. Altezza hiyo hiyo Ulaya waliiuza kama Lexus IS 200, volani kushoto, vitesi sita. Nunueni ya Ubelgiji mtulie.

Makutano_Turbo

Mwenye pesa ya kontena kutoka Ubelgiji amekuja kutuhubiria. Na IS 200 ni ile ile 1G ya mitungi sita anayoikataa mwenye uzi.

Volani_ya_Kushoto

Lakini ina pedali tatu.

Shofere_Dodani

Hata ikiwa na tano, mtazipitisha wapi? Hakuna anayesema juu ya madodani, haya matuta ya barabarani! Kwetu Bel-Air wameweka jingine wiki iliyopita, juu kama terili, ule mlima wa takataka za mgodi. Nina Silvia, nimeishusha kidogo tu, sasa napita kwa ubavu, gurudumu moja moja, kama kaa. Kuna mtoto anapita na baiskeli ananisalimia, anakwenda shule, anarudi, bado niko juu.

RX_ya_Golf

Lile la mbele ya farmasi? Limenichukua bomba la moshi lote!

Kasapa_78

Mimi nikilipanda vibaya nabaki juu. Nyuma sina.

Mwana_Kamalondo

SIKIENI. Ameniandikia sasa hivi. Nanukuu: "Mutoto, nimekuonea pedale ya tatu. Leta dola 150 tunatia." Pedali! Si bwati, si disiki ya ambrayaje, si flaiwili. Pedali tu! Ataipigilia kwenye kapeti kwa misumari! Na chini ameongeza: "Muguu ya tatu utatafuta weye."

RX_ya_Golf

Shofere, hiyo Silvia ina bomba la pili? Yangu imepasuka katikati, fundi anasema la Silvia anaweza kulikata likaingia.

Shofere_Dodani

Ninalo, limeshika kutu upande mmoja. Njoo Bel-Air jioni, lakini pitia njia ya nyuma, lile dodani usilijaribu.

Kasapa_78

Kuna mtu anatoka Kasumbalesa kesho? Nimeambiwa kuna bwati ya Celica pale, nzima, na R inaingia. Nitalipa usafiri.

Mama_Fuso

Nashuka na mchanga Alhamisi. Nina nafasi nyuma.