Nimerudi Krismasi mfuko mtupu, kadi ya benki iko kwa mkopeshaji, nianzie wapi?

MangiMchovu
Wakuu heri ya mwaka mpya. Naombeni msinisimange sana maana kujisimanga nishajisimanga mwenyewe vya kutosha.

Ni mtumishi hapa Dar, mkononi napokea 820,000, nina mke na watoto wawili. Desemba tukapanda Rombo, mnatujua sisi Wachagga, Krismasi usipoonekana nyumbani watu wanaulizana kama umefungwa. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi ilikaribia laki nne, mbuzi wa tarehe 25 nikanunua mimi, halafu tarehe 28 binamu yangu mmoja akasimama mbele ya watu akatangaza eti mbuzi wa mwaka mpya "katoa mjomba kutoka Dar". Sasa pale ungefanyaje, wazee wameshika kata za mbege wananiangalia mimi, wengine washaanza kushukuru. Nikatoa.

Tatizo hela yenyewe haikuwa yangu. Kabla ya safari nilichukua laki 5 kwa jamaa wa kausha damu, hii mikopo ya mtaani ya riba kubwa, narudisha 650,000 mshahara wa Januari ukiingia, na kabaki na kadi yangu ya benki na namba ya siri. Nikiwa huko huko mlimani nikachukua tena mkopo wa simu, unadai 180,000. Binti yangu kachaguliwa kidato cha kwanza, shule ya serikali ya bweni, ada hakuna ila ile karatasi ya maelekezo ina orodha kama ya harusi, godoro, ndoo, jembe, kwanja, mafagio, rimu za karatasi, shuka za rangi wanayotaka wao, nimepiga hesabu ni 350,000. Mdogo wake yuko shule ya kulipia, awamu ya kwanza 400,000. Kodi 150,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu tarehe 1 Februari.

Jumla 2,030,000. Leo tarehe 6, mshahara bado wiki tatu. Wife anajua vyote kasoro habari ya kadi. Kuna mshikaji kaniambia nichukue kwa mkopeshaji mwingine nimlipe huyu. Mnaonaje?

Kiroboto_wa_Temeke
"Katoa mjomba kutoka Dar" 😂😂 huyo binamu mpeni cheo. Pole mkuu ila nimecheka kwenye daladala watu wameniangalia.

Karani Mstaafu
Mkuu usichukue kwa mwingine, nakuomba. Nilishafanya kazi kwenye ofisi ya mikopo ya namna hiyo miaka miwili kabla roho haijanisuta nikaacha, kwahiyo nakwambia kitu nilichokuwa nakifanya kwa mikono yangu. Usiku wa mshahara bosi alikuwa anatutuma ATM na kadi zimefungwa kwa rababendi, kila kadi imebandikwa kikaratasi cha jina na namba ya siri. Tunatoa zote, sio deni tu, tunatoa zote. Asubuhi mwenye kadi anakuja kuomba chenji yake, anakuta imebaki elfu 90, na mwezi ndo kwanza unaanza. Unadhani anafanyaje? Anakopa tena pale pale mezani. Faida haikuwa kwenye mkopo wa kwanza, ilikuwa kwenye huo wa asubuhi, kuna mwalimu alikopa laki 3 mara moja akatulipa zaidi ya mwaka na nusu.

Kwahiyo ukiniuliza uanzie wapi, anza na kadi, hayo mengine yote yanasubiri. Kesho nenda tawini kwako na kitambulisho, waambie wafunge hiyo kadi wakutengenezee mpya, na namba ya siri mpya. Utaulizwa imepotelea wapi, sema ukweli tu kwamba ipo kwa mtu.

Ila usimkimbie huyo jamaa, deni ni deni. Mfuate na shahidi, muombe mkataba na leseni. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mtu anayekopesha kibiashara anatakiwa awe na leseni ya BoT, yaani Benki Kuu, daraja la pili, na riba wamewawekea mwisho asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye laki 5 hiyo ni 17,500, wewe unatozwa 150,000. Wengi wao ukitaja neno leseni wanakuwa wapole ghafla. Akileta vitisho pitia kwa mtendaji wa mtaa, na malalamiko BoT wanapokea.

Mama Genge
Huyo karani kamaliza upande wa mkopo mimi naongelea nyumba. Baba, mwambie mkeo leo leo, sio kesho. Unamficha mtu ambaye ndo anajua unga umebaki kiasi gani?

Halafu ile karatasi ya shule isikutishe, nimesomesha watatu. Godoro toa analolalia nyumbani, kwani akienda bweni hapo litalaliwa na nani. Jembe na kwanja kila mtaa kuna mtoto kamaliza form four vipo vimeegemea choo vinaota kutu, kaombe. Shuka ndo ununue maana rangi wanakagua. Huko kwa mdogo nenda kwa mhasibu KABLA shule haijafungua, peleka nusu mkononi na tarehe ya nusu iliyobaki kwa maandishi, wanakubali, wasiyemkubali ni yule anayezima simu. Na mwenye nyumba hivyo hivyo, mfuate wewe kabla hajaja kugonga.

Mkeo anacheza mchezo, huu wa kuchangishana na kupokea kwa zamu? Kama yumo aombe kubadilishana zamu, sisi kwetu Januari kuna mama kila mwaka anaomba.

Kiroboto_wa_Temeke
Mimi nashangaa hamsemi, si amhamishe huyo mdogo shule ya serikali, na Rombo asiende tena miaka mitatu. Laki nne ya nauli ni gunia zima la mchele na chenji!

MangiMchovu
Mkuu mtoto yuko la sita, nimhamishe kwa ajili ya mbuzi? Na Rombo mama yangu yuko peke yake. Kwenda nitaenda, ila binamu nitamuwahi mimi kutangaza.

Otis wa Kayole
Poleni majirani, huku Kenya huu mwezi tunauita Njaanuari so hatucheki mtu. Kitu moja hamjataja, Disemba salari inakuja mapema, kwetu hata kabla ya tarehe 20 ishaingia, alafu ya Januari inakuja mwisho wa mwezi kabisa. Hizo ni siku kama arobaini na unazipangia za thelathini, hata usipochinja mbuzi bado utalala njaa siku kumi. Mimi nilianza kuacha theluthi ya salo ya Disemba kwa sacco, nitoe Januari tarehe 5. Mwaka wa kwanza nilivunja hiyo sheria tarehe 27 Disemba 🤦🏾. Mwaka wa pili ndo ikashika.

MangiMchovu
Wakuu narudi na mrejesho, leo tarehe 11.

Kadi nimeifunga, mpya nimepewa. Jamaa alipojua alinipigia simu mara saba, nikaenda na mzee wa kanisa letu, nikauliza leseni. Akasema "iko kwa mwanasheria". Tukabishana saa nzima mwishowe tumeandikiana 580,000, nusu Januari nusu Februari. Najua bado ananipiga, ila ninalala.

Wife nilimwambia. Alikuwa anapepeta mchele wala hakusimama, akasema alijua tangu tarehe 30, maana kila akinituma ATM nilikuwa nasema mtandao unasumbua, na mtandao hausumbui siku tano mfululizo. Hakuongea na mimi siku nzima. Kesho yake akaenda kwa wenzake wa mchezo, zamu yake ilikuwa Aprili, kabadilishana, tumepata laki 5. Vitu vya binti vimeshuka hadi 270,000, shule ya mdogo nimepeleka laki 2 na nyingine Februari. Mwenye nyumba kakubali mwezi mmoja mmoja mpaka Machi, kwa kununa. Mshahara ukiingia, jamaa 290,000, simu 180,000, kodi 150,000, tunabaki na laki 2 ya kula mwezi mzima.

Kwanja bado. Kuna mtu anajua maeneo ya Kimara mtu mwenye kwanja la kuazima? Wanaripoti Jumatatu.

Mama Genge
Lipo la mwanangu. Njoo PM, ila mpini umelegea utagonga msumari mwenyewe.