"Msiwaguse masihi wangu": mzee wa kanisa akihoji mahubiri, amevunja Zaburi 105:15?

ZabibuKavu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba msaada wa wanaojua Maandiko na taratibu za kanisa. Huku Dodoma tuko kwenye sikukuu za mavuno, magunia ya mtama na uwele yanapangwa mbele ya madhabahu, na Jumapili mbili mfululizo mahubiri ni Malaki 3: asiyetoa fungu la kumi kamili yuko chini ya laana. Mzee mmoja wa baraza aliuliza laana hiyo inakaaje na Wagalatia 3:13, kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Akajibiwa kwa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu", kikao kikafungwa kwa sala. Dhehebu silitaji, lina askofu, katiba na baraza la wazee. Je, andiko hilo linakataza kuhoji mafundisho? Na kama halikatazi, hoja ipelekwe vipi mtu asiitwe mwasi?

Mwalimu wa Jioni

Amina. Tuanze na andiko lenyewe. Mstari wa 15 usiusome peke yake, anzia wa 8. Wanaozungumzwa ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wanaotangatanga kutoka taifa hadi taifa. Wanaokemewa ni wafalme, mstari wa 14 unasema hivyo waziwazi. Yaani mwenye nguvu ndiye anayeambiwa amwache mnyonge. Leo tunamwambia mnyonge amwache mwenye kipaza sauti!

Sasa fungueni Mwanzo 20, kisa ambacho zaburi inakirejea. Ndipo Abrahamu anapoitwa nabii (mst. 7). Amesema Sara ni dada yake, Abimeleki akamchukua. Mungu anamwambia mfalme kwamba hakumwacha *amguse* Sara (mst. 6). Neno la kugusa linarudi Mwanzo 26:11, "amgusaye mtu huyu, au mkewe". Kwa hiyo kugusa hapo ni kudhuru mwili au kuchukua mke wa mtu. Kuuliza swali hakumo. Tena mstari wa 9 na wa 10 Abimeleki anamwita huyo huyo nabii na kumhoji: umetutenda nini, uliona nini hata ukafanya hivi? Abrahamu hakumjibu "usimguse masihi wa Bwana". Alijieleza.

Mkishamaliza hapo mtapelekwa 1 Samweli 24, Daudi na Sauli pangoni. Twendeni. Daudi hakunyosha mkono juu ya mfalme Sauli, masihi wa Bwana, kweli. Lakini kuanzia mstari wa 8 anatoka, anamwita mfalme mbele ya askari wake, ameshika upindo alioukata kwenye vazi la mfalme kama kielelezo, na anamwambia wazi kwamba mfalme anamwinda bure. Heshima na karipio vimetoka kinywa kimoja. Paulo naye alishindana na Kefa, yaani Petro, uso kwa uso kule Antiokia (Wagalatia 2:11).

Jambo dogo la lugha: "masihi", yaani mpakwa mafuta, haibadiliki katika wingi, ndiyo maana watu hudhani ni mtu mmoja. Kiambishi *-wa-* katika "msiwaguse" kinaonyesha ni wengi. Na upako katika Agano Jipya umewaenea waamini wote, 1 Yohana 2:20.

Ila nanyi msiruke upande wa pili. Waebrania 13:17, watiini wanaowaongoza, bado ipo, na 1 Timotheo 5:19 inadai mashahidi wawili au watatu kabla ya kupokea mashtaka juu ya mzee. Waberoya wa Matendo 17:11 waliyachunguza Maandiko baada ya kulipokea neno kwa uelekevu wa moyo. Sehemu hiyo ya kwanza wengi wetu huiruka.

Katibu Mstaafu

Mwalimu amemaliza habari ya andiko, mimi niseme ya makaratasi. Jueni kwanza kanisa lenu limeandika nini kuhusu mamlaka ya Maandiko, kwa sababu mchungaji aliapa kwa hayo siku ya kuwekewa mikono. Walutheri wana Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 28: askofu akifundisha kinyume cha Injili, sharika zimekatazwa kumtii. Waanglikana wana Vifungu 39. Cha 6 kinasema lisilothibitika kwa Maandiko mtu halazimishwi kuliamini kama la lazima kwa wokovu, na cha 20 kinalizuia kanisa kuagiza lililo kinyume cha Neno lililoandikwa. Kwa Wakatoliki mamlaka ya kufundisha ni ya maaskofu pamoja na Papa, halmashauri ya parokia haiamui mafundisho ya imani. Hata hivyo kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa za 1983 inampa mwamini haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yake kwa heshima.

Utaratibu sasa. Andikeni maneno yaliyosemwa, tarehe, ibada ya ngapi na andiko lililosomwa. Klipu ya sekunde 30 msiitumie, atasema imekatwa, na huenda ni kweli. Hoja iwe moja, ukurasa mmoja, iishie kwa swali: "Je, fundisho la kanisa letu ni kwamba aliye ndani ya Kristo analaaniwa asipotoa fungu la kumi?" Swali la namna hiyo linajibika kwa ndiyo au hapana. "Mchungaji anapotosha" halijibiki, linazaa ugomvi tu.

Wawili waende kwake ofisini, siku ya kazi. Msimkamate mlangoni baada ya ibada akiwa na njaa na foleni ya watu wa kuombewa. Mpeni wiki mbili. Akinyamaza, hoja iende baraza la wazee, kisha ngazi inayofuata kwenye katiba yenu: jimbo kwa Walutheri, uarkidiakoni kwa Waanglikana, halafu dayosisi.

Mambo matatu huharibu kesi nzuri. La kwanza ni kundi la WhatsApp la kwaya. Likishafika huko si hoja tena, ni umbea. La pili, kukusanya saini. Hapo mnahesabiwa kuwa kundi, na katiba nyingi zina kifungu cha wanaogawa usharika. La tatu, kuchanganya fundisho na hesabu za fedha. Kama mna shaka na stakabadhi za magunia, hilo lina barua yake.

Serikalini msikimbilie. Ibara ya 19 ya Katiba ya nchi inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Mbuyu wa Bahi

Mimi namtetea mchungaji kidogo. Wakorintho wa kwanza 9:14 ipo, wanaohubiri Injili wapate riziki kwa hiyo Injili, na sharika nyingi za vijijini huku zinamlisha mtumishi kwa mavuno hayohayo. Ukame ukipiga, yeye ndiye wa kwanza kukosa. Lakini akitaka Malaki, asome kitabu kizima: 1:6 na 2:1 wanaoshtakiwa ni makuhani. Tena Kumbukumbu 14:28-29, zaka ya kila mwaka wa tatu ililiwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Muulizeni gunia la mjane liko wapi.

Katibu Mstaafu

Mbuyu, hilo la mjane ni zuri, ila libaki kwenye barua ya pili. Likiingia ya kwanza, kikao kizima kitajadili magunia.

ZabibuKavu

Asanteni sana, wapendwa. Baraza linakaa mwisho wa mwezi. Yule mzee anataka alisemee kwenye "mengineyo". Inafaa?

Katibu Mstaafu

Hapana, dada. Kwenye mengineyo watu wameshashika funguo za pikipiki, na mwenyekiti atasema "tumelisikia". Apeleke barua kwa katibu kabla mwaliko haujatoka, liwe ajenda yenye namba, maana ajenda yenye namba lazima iandikiwe uamuzi kwenye muhtasari. Nakala mbili. Ile atakayobaki nayo mzee, katibu aisaini na kuandika tarehe aliyopokea.